Kumwandikia msomaji uliyemkusudia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaoandika kwa Kiswahili ili kuwaelimisha wengine: wauguzi, maafisa ugani, walimu, makatibu wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), vijana wa asasi za kiraia. Mifano mingi hapa ni ya afya, kilimo na pesa, kwa sababu huko ndiko mtu hupata hasara ya kweli akisoma maandishi ambayo hayakuandikwa kwa ajili yake.

## Nitamjuaje msomaji wangu?

Umri na kiwango cha elimu havitoshi. Jiulize mambo matatu: anajua nini tayari, ana hofu gani, na akishamaliza kusoma anakwenda kufanya nini. Hilo la tatu lina uzito kuliko yote, kwa kuwa ndilo linaloamua kipi kiingie kwenye makala na kipi kibaki nje.

Mkulima wa mahindi wa Songea anayesoma kuhusu viwavijeshi vamizi ameshaona majani yaliyotobolewa. Hofu yake ni kukosa mavuno, na akimaliza kusoma anakwenda shambani. Habari kwamba asili ya mdudu huyu ni Amerika na kwamba aliripotiwa barani Afrika mwaka 2016 ni ya kweli, lakini haimsaidii asubuhi ile. Anataka kujua akague wapi: katikati ya majani machanga, penye kinyesi cha viwavi kinachoonekana kama unga wa mbao. Anataka kujua akague lini: asubuhi mapema au jioni. Na anataka kuelewa kwa nini akichelewa kupulizia dawa, viwavi wakubwa watakuwa wameshazama ndani ambako dawa haiwafikii. Mwanafunzi wa kilimo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, anaweza kuanza na mwaka 2016, kwa sababu yeye akimaliza kusoma anakwenda kuandika mtihani.

## Si bora niandike makala moja itakayoeleweka na kila mtu?

Hapana. Nimehariri makala nyingi za namna hiyo na tatizo lake ni lilelile. Mwandishi anaogopa kumwacha mtu nje, basi anaweka maelezo ya wataalamu, anaongeza ya wanafunzi, anaongeza ya wazazi, na mama mwenye mtoto mgonjwa analikuta jibu lake aya ya tisa, kama bado anasoma. Chagua mmoja na umwandikie yeye. Wengine watasoma pia, na wengi wao watafaidika, maana maandishi yaliyomnyookea mtu mmoja huwa wazi hata kwa jirani yake.

## Nionyeshe: ujumbe mmoja unabadilikaje msomaji akibadilika?

Tuchukue matibabu ya mtoto anayeharisha kwa ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Huyu hapa mama, yuko nyumbani, mtoto yuko mgongoni:

*"Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS. Chukua maji safi ya kunywa lita moja, yaani chupa mbili za nusu lita zilizojaa. Mimina pakiti moja ya ORS, yote, usibakize. Koroga mpaka iyeyuke. Kila akiharisha, mpe robo hadi nusu kikombe kama hajafikisha miaka miwili. Kama ameshafikisha, mpe nusu hadi kikombe kizima. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha mpe tena polepole, kijiko kwa kijiko. Maji yaliyobaki baada ya siku nzima yamwage, changanya mengine. Akishindwa kunywa, akilegea, au ukiona damu kwenye choo chake, mpeleke kituo cha afya sasa hivi."*

Huyu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba:

*"Mwombe mama achanganye ORS mwenyewe mbele yako. Angalia kama maji yametimia lita moja na kama pakiti imemiminwa yote. Mwachie vidonge vya zinki vya miligramu 20: nusu kidonge kwa siku kwa mtoto wa miezi 2 hadi 6, kidonge kizima kwa aliyezidi hapo. Vitumike siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma mapema. Kabla hujaondoka, mwambie akutajie dalili za hatari. Asipozikumbuka, rudia."*

Na huyu ni mwanafunzi wa uuguzi:

*"ORS inayopendekezwa sasa na Shirika la Afya Duniani ina osmolariti ya chini, jumla miliosmoli 245 kwa lita, ikiwa na milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi katika kila lita. Glukosi na sodiamu hufyonzwa pamoja kwenye utumbo mwembamba, na maji huzifuata. Ndiyo maana mchanganyiko hufanya kazi hata wakati mtoto anaendelea kuharisha, na ndiyo maana kukosea kiasi cha maji huharibu tiba nzima."*

Angalia kilichobadilika. Kwa mama, lita imekuwa chupa mbili, kwa sababu si kila nyumba ina chombo cha kupimia. Neno "usibakize" limewekwa makusudi: watu hugawa pakiti ili itumike mara mbili, na mwandishi asiyejua hilo hawezi kulikataza. Kwa mhudumu, vitenzi vimegeuka: yeye hachanganyi, anaangalia mwingine akichanganya. Mwanafunzi hakupewa vikombe wala vijiko, amepewa sababu. Hakuna kati ya matatu haya lililo jepesi kuliandika. La mama ndilo linalochukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa kila neno lake litageuka kuwa tendo.

## Kurahisisha lugha si kumdharau msomaji?

Dharau iko kwenye kuficha mambo, na iko kwenye sauti ya mtu mzima anayemfokea mtoto. Mvuvi wa Kilwa anaweza kukueleza mambo ya bamvua na maji mafu, pepo za kusi na kaskazi, na tabia za samaki kwa undani ambao msomi wa mjini hawezi kuufuata. Akili yake haina upungufu wowote. Ukimwandikia kuhusu bima ya boti, huhitaji kupunguza ukweli. Unahitaji kuanzia mahali anapopajua, kisha kumpeleka unakotaka afike. Kila sharti lililo kwenye mkataba lazima limfikie, hata lile gumu. Anachopunguziwa ni kazi ya kulichimbua.

Kinyume chake pia hutokea. Wapo wanaowaandikia madaktari au wanasheria kwa lugha ya kufundishia darasa la tatu, wakidhani wanarahisisha. Mtaalamu akisoma aya tatu za mambo anayoyajua tangu chuoni, anaacha kabla hajafika kwenye jipya ulilomletea.

## Niandike "wewe", "ninyi", au "mwananchi anashauriwa"?

Hili linagusa heshima kuliko wengi wanavyofikiri, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

"Wananchi wanashauriwa kuchemsha maji" ni sentensi ya tangazo la ofisi. Ubaya wake ni kwamba kila anayeisoma anaona inamhusu jirani. Sentensi haina mtu ndani yake. Ukiandika "Chemsha maji ya kunywa", sasa yupo mtu, na sufuria iko jikoni kwake.

Lakini kauli ya amri nayo ina mahali pake. Kwenye maelekezo ya hatua kwa hatua, kama vile kuchanganya dawa, kupanda mbegu au kupika, amri haimkeri mtu: mimina, koroga, subiri. Kila mtu anajua unamsaidia. Kwenye mambo ya tabia na maisha ya mtu, amri zikifuatana huumiza. "Acha pombe. Pima presha. Usile chumvi. Punguza uzito." Mzee wa miaka 65 akisoma hivyo anajiona anakemewa na mjukuu. Kwake tanguliza sababu, kisha mpendekezee: "Presha haina dalili kwa watu wengi, ndiyo maana ni vizuri uipime hata kama unajisikia mzima." Kiima ni kilekile "wewe", ila kitenzi kimeshuka kwa adabu.

"Ninyi" na viambishi vyake, "chemsheni", "leteni", vinafaa unapozungumza na kikundi kinachojitambua kuwa kikundi: wanachama, wazazi wa shule moja, waumini. Kwa msomaji aliye peke yake na simu mkononi, wingi humpa pa kujificha.

Na jambo moja dogo kwa wanaowaandikia wazee: msiwaite "ndugu mteja". Mzee hajui kwa nini amekuwa mteja wa mtu.

## Maneno ya kitaalamu niyaache au niyaeleze?

Liache lile ambalo msomaji hatakutana nalo tena. Lieleze lile ambalo atakutana nalo dirishani, kwenye fomu au kwenye mkataba, kwa sababu akifika huko lazima alitambue.

Neno "riba" ni mfano mzuri. Mama wa genge anayefikiria kukopa ataliona kwenye mkataba, hivyo huwezi kumficha. Lakini maelezo ya namna ya "riba ni gharama ya matumizi ya fedha inayoonyeshwa kwa asilimia" hayamfikishi popote. Mpe hesabu: ukikopa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayokokotolewa kwenye kiasi chote ulichokopa, riba ni 30,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 360,000. Utarudisha jumla 1,360,000, na rejesho la kila mwezi ni kama 113,300. Kisha muulize swali ambalo yeye peke yake ndiye mwenye jibu: je, genge linaingiza faida ya kiasi hicho kila mwezi, hata mwezi wa mvua?

Asilimia 3 huonekana kitu kidogo. Laki tatu na sitini haionekani hivyo. Watu wa Dar es Salaam wameshaipa jina mikopo ya aina mbaya zaidi, "kausha damu", na unapoandika kuhusu mikopo hiyo kwa wasomaji hao tumia jina hilo, kwa kuwa ndilo wanalolitamka wenyewe. Ukiandika "mikopo yenye masharti yasiyo rafiki" watadhani unazungumzia kitu kingine.

## Wasomaji wangu wako Tanzania na Kenya. Nitumie maneno ya nani?

Uti wa mgongo uwe Kiswahili sanifu. Sanifu yetu imejengwa juu ya Kiunguja, uamuzi uliofikiwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, miaka mingi kabla ya Tanzania kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, mwaka 1967. Ni mali ya pande zote mbili, na shule za pande zote mbili zinaifundisha.

Tofauti nyingi hazina madhara. Mtanzania akisoma "rununu" ataelewa kuwa ni simu ya mkononi, na Mkenya aliyefundishwa "tarakilishi" hawezi kupotezwa na "kompyuta". Usipoteze usingizi kwa hayo.

Pa kuangalia ni pale neno linapofanana na maana ikatofautiana, hasa kama kuna kipimo au fedha. Ndengu za Kenya ni choroko za Tanzania. Tanzania nako kuna dengu, ambazo ni zao jingine kabisa, na bei yake ni nyingine. Mfanyabiashara wa nafaka akisoma habari ya soko bila kuelezwa hilo anaweza kununua mzigo usio sahihi. Gunia la mahindi Kenya huhesabiwa kilo 90, Tanzania kilo 100. Kwa hiyo "gunia 20 kwa ekari" ni kilo 1,800 upande mmoja na kilo 2,000 upande mwingine. Andika kilo. Vilevile "chifu" ni ofisi ya kweli kwa Mkenya, wakati Mtanzania anayehitaji barua ya utambulisho anakwenda kwa mwenyekiti au mtendaji. Ukisema tu "nenda ofisi ya serikali iliyo karibu nawe", wote wawili wamebaki njiani. Taja zote mbili.

Zanzibar isisahaulike. Huko ni skuli, na ngazi ya chini ya utawala ni shehia chini ya sheha. Makala ya "Watanzania wote" inayosema "mwenyekiti wa mtaa" pekee imewaacha Unguja na Pemba nje.

## Na wasomaji wa Kongo, Burundi, au walioko Oman na Marekani?

Kwao jambo la kuuliza ni hili: Kiswahili walikipata wapi? Kongo ina lugha nne za taifa, nazo ni Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba, lakini lugha rasmi ni Kifaransa. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi anaweza kuwa ameongea Kiswahili maisha yake yote bila kusoma kitabu kimoja cha sarufi yake. Kwake "masomo" ni shule yenyewe, na "munganga" ni daktari. Ukimwandikia mtu wa Dar es Salaam "mpeleke mtoto kwa mganga", anaweza kufikiria mganga wa kienyeji. Kwenye ujumbe wa afya unaosomwa na watu wa pande zote, kwa mfano katika kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, andika mahali: "mpeleke hospitali". Sentensi ziwe fupi zaidi, na uepuke ngeli zinazopinda sana, maana upatanisho wa sanifu si ule waliouzoea kusikia.

Wazee wenye asili ya Unguja wanaoishi Muscat wana Kiswahili kizuri ajabu cha mazungumzo, ila istilahi zilizobuniwa baada ya wao kuondoka hawakukua nazo. Watoto wa familia za Kiswahili waliozaliwa Ulaya au Marekani wako kinyume: wanaelewa wakisikia, lakini wanasoma polepole. Hawa waandikie aya fupi zenye mambo ya nyumbani wanayoyatambua, na usiwarundikie methali mfululizo bila maelezo.

## Naweza kutumia Sheng au lugha ya mtaani?

Kama unaiongea kweli, na wasomaji wako ni wa mtaa uleule, ndiyo. Kama unaiazima ili upendwe na vijana, watakutambua kwenye sentensi ya pili.

Lugha ya mtaani ina mipaka mifupi. Pesa ni mkwanja au mpunga Dar es Salaam, Nairobi ni doo au ganji, na ndani ya Nairobi yenyewe maneno hutofautiana kati ya mtaa na mtaa. Pia huzeeka upesi. Ninachopendekeza ni hiki: vijana wenyewe wakizungumza ndani ya makala, waache wazungumze kama walivyo, usiwasahihishe. Maelezo yenye uzito, kama muda wa kusubiri kabla ya kurudia kipimo cha VVU au namna ya kumeza dawa, yabaki kwenye sanifu nyepesi ambayo haiwezi kusomwa kwa maana mbili.

## Nichanganye Kiingereza?

Kidogo, na pale tu ambapo neno la Kiingereza ndilo linalotumika midomoni. Watu wanasema ORS, nawe sema ORS. Lakini usikimbilie Kiingereza kabla ya kutazama kama lugha imeshajitengenezea neno. "Namba ya siri" inajulikana na kila aliyewahi kutuma pesa kwa simu, hata asiyejua kusoma vizuri. "Nywila" ni neno zuri, lakini wengi bado hawajakutana nalo. Kwenye onyo la utapeli, tumia lile linalojulikana.

## Saa, majira na vipimo niviandikeje?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, "saa 3 usiku" haina utata. Kwa kijana aliyekulia London inaweza kuwa na utata. Tangazo la kipindi cha redio kitakachoanza saa 3 usiku Dar es Salaam ni saa 2 usiku Lubumbashi na saa 4 usiku Muscat. Ukiwa na wasomaji huko, waandikie saa zao, usiwaachie hesabu.

Majira yanahitaji uangalifu zaidi. "Panda mwanzoni mwa masika" ni ushauri mzuri kwa Arusha, Tanga au Morogoro kaskazini, penye vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Kwa Ruvuma, Njombe, Mbeya au Rukwa, ambako mvua ni za msimu mmoja kuanzia Novemba hadi Aprili, ushauri huohuo ungemfanya mtu apande wakati wenzake wanasubiri mahindi yakomae. Andika mwezi, au andika ishara anayoiona: mvua zikishatulia na udongo umelowa vya kutosha.

Vipimo vya shambani navyo vishuke hadi mkononi. Nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo inaeleweka kwa afisa ugani. Mkulima mwambie afunge fundo kwenye kamba kila sentimita 30, aitandaze mstari mzima, apande penye fundo.

## Sentensi ziwe na urefu gani?

Sina idadi ya maneno ya kukupa. Sentensi ndefu yenye mwendo mzuri haimchoshi mtu; Kiswahili cha hadithi kimejaa sentensi za namna hiyo. Kinachochosha ni lugha ya ripoti. Chukua hii:

*"Zoezi la utoaji wa chanjo litafanyika katika vituo vyote vya kutolea huduma za afya ambapo wazazi na walezi wanahimizwa kuhakikisha uwepo wa watoto walio katika umri stahiki."*

Sasa hii:

*"Chanjo itatolewa katika kila kituo cha afya. Mlete mtoto wako aliye chini ya miaka mitano, pamoja na kadi yake ya kliniki."*

Ya pili imesema zaidi kwa maneno machache: umri umetajwa, na kadi imetajwa. Maneno kama "zoezi la", "suala zima la", "upatikanaji wa", "uwepo wa" na "ambapo" isiyohusu mahali ni dalili kwamba mwandishi anamwangalia bosi wake kuliko msomaji. Yatafute, na kila unapolikuta moja, uliza: nani anafanya nini? Andika jibu.

## Wengi husoma kwa simu. Hilo linabadilisha nini?

Linabadilisha mpangilio kuliko maneno. Jambo kuu likae juu, kabla bando halijaisha au mtu hajashuka kwenye daladala. Aya ziwe fupi. Jedwali lenye safu sita halisomeki kwenye kioo kidogo.

Halafu kuna kusambazwa. Maandishi yenye manufaa hukatwa kipande na kupelekwa kwenye makundi ya WhatsApp bila jina la aliyeandika. "Chanjo inaanza Jumatatu hapa kwetu" inaweza kuzunguka miezi sita, ikiwapeleka watu vituoni kila wiki. Weka tarehe kamili, mwezi, mwaka na wilaya ndani ya sentensi yenyewe.

Kumbuka pia kwamba nyumba nyingi zina msomaji mmoja na wasikilizaji watano. Kijana wa kidato cha pili anamsomea bibi. Kwa hiyo mabano mengi, alama za mkwaju (/) na vifupisho humkwamisha anayesoma kwa sauti. Andika "shilingi laki tatu na nusu" sambamba na 350,000, naye atalitamka bila kusita.

## Nikibadilika kwa kila msomaji, sauti yangu si itapotea?

Sauti yako haiko kwenye msamiati. Iko kwenye unachokiona kuwa muhimu, unachokataa kukisema bila uhakika, mifano unayoichagua, na namna unavyomjali mtu. Rudi kwenye mifano mitatu ya ORS: mwandishi wake ni mmoja, na msisitizo wake ni mmoja, kwamba kipimo cha maji kisikosewe.

## Nitajuaje kama nimemfikia?

Usimuulize "umeelewa?". Kwa adabu zetu, mtu atakujibu "nimeelewa" ili asikuvunje moyo, na pengine asionekane mjinga. Mpe asome, mnyang'anye karatasi kwa upole, kisha mwambie: "Hebu nieleze, ukifika nyumbani utaanza na nini?" Jibu lake ndilo kipimo. Akisema atagawa pakiti mara mbili, sentensi yako haijafanya kazi, haijalishi ni sanifu kiasi gani.

Mtazame pia akisoma. Pale anaporudi nyuma kusoma tena, pale anaporuka mstari, pale sauti inapopungua nguvu, weka alama. Na usimpe mke wako au mwenzako wa ofisini. Hao wanajua tayari ulichotaka kusema. Mpe mtu wa kijiweni, mama wa sokoni, mzazi anayesubiri kliniki. Wawili au watatu watakuonyesha karibu kila kasoro iliyomo.

## Nina makala niliyokwisha kuiandika. Nianzie wapi kuirekebisha?

Anzia mwishoni. Tafuta sentensi inayomwambia msomaji afanye nini. Mara nyingi imejificha kwenye aya ya mwisho, baada ya historia na takwimu. Ihamishie juu. Kisha pitia kila neno la kipimo, mahali, wakati na pesa, uone kama msomaji uliyemchagua anaweza kulishika kwa vitu alivyo navyo nyumbani. Kisha ondoa kila aya inayomjibu mtu mwingine. Ihifadhi kando, huenda ni mwanzo wa makala yake. Ukishamaliza hayo ndipo urekebishe tahajia na koma.